Ukuta wa Upande wa Wanawake

Ukuta ulikuwa umebakiza kidogo tu kufika kwenye paa Mzee Abubakari alipokuja na mwavuli wake, akasimama kwenye tope, akaanza kuyahesabu matundu kwa ncha ya mwavuli mpaka akachoka.

"Jafari," alimwambia baba, "unatujengea msikiti au banda la njiwa?"

Akina mama waliokuwa wakipandisha mawe kutoka mtoni waliitua mizigo yao, wakangoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nilikuwa nimekumbatia kitabu, nimekifunika kwa kanga kisiloe, nikarudi nyuma kama mwizi. Maana matundu yale niliyaleta mimi.

Mvua za masika zilikuwa zimeupasua ukuta wa mashariki wa msikiti wetu pale Lukozi, upande wanakosali wanawake. Mzee Abubakari na kamati yake wakampa baba, fundi mwashi, kazi ya kuubomoa na kuuinua tena kama ulivyokuwa: mzima, usio na dirisha hata moja, kwa sababu barabara inapita karibu na hakuna aliyetaka wapita njia wachungulie wanawake wakiwa kwenye sala.

Wakati huo nilikuwa na duka la steshenari Lushoto mjini, nikitengeneza kadi za harusi na mabango. Mgeni mmoja aliyeishi Magamba alipohama, vitabu vyake viliuzwa sokoni, nami nikachukua kimoja kikubwa, kizito kama tofali, kwa ajili ya herufi zake. Sikuwahi kuona herufi zimetulia kwenye ukurasa namna ile, zimeachiwa nafasi ya kupumua. Lugha yake sikuijua na mpaka leo siijui. Mteja asipokuwepo nilikipekua polepole: miji iliyochorwa kutoka angani kama jani na mishipa yake, ngazi zinazojisokota, paa jembamba kama ukaya wa kichwani. Siku moja nikafika kwenye ukuta.

Picha ilijaza kurasa mbili. Ilikuwa nyumba ya ibada, sijui ya dini gani wala nchi gani. Ukuta wake mnene ulitobolewa matundu ya kila ukubwa, na kila tundu lilianza dogo kwa nje, likapanuka kuja ndani, kama mdomo wa tarumbeta. Mwanga ulikuwa umekaa humo. Sina neno jingine. Haukuwa ukipita, ulikuwa umekaa, kama mgeni aliyekaribishwa akavua viatu. Nilifunga duka mchana kweupe, nikapanda bodaboda kwenda Lukozi.

Baba alikifungua kitabu juu ya mifuko ya saruji, akakitazama.

"Huyu kaharibu ukuta," alisema.

Lakini hakufunua ukurasa mwingine. Chini ya picha palikuwa na mchoro wa ukuta uleule umekatwa kama mkate, unaonyesha unene wake. Baba akapitisha ukucha juu yake, nje, ndani, nje. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama yako husali pembe ipi?"

Nikamwonyesha. Ukuta wa zamani ulikuwa bado haujabomolewa. Akavua viatu, akapita nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu alipopiga sakafu yake, akakaa humo peke yake. Jua lilikuwa utosini. Alipotoka alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa.

"Tutahitaji mawe," alisema. "Mengi."

Sasa ukuta ulikuwa umesimama, na Mzee Abubakari alikuwa ameuelekezea mwavuli.

"Mvua ya huku haina adabu, Jafari. Na wapita njia je?"

"Mvua itazuiwa na vioo. Kuhusu wapita njia, hebu chungulia mwenyewe, mzee wangu."

Mzee alisita. Kisha akainama, akaweka jicho kwenye tundu lisilozidi kiganja.

"Unaona nini?"

"Giza."

"Basi na wao wataona hilohilo."

Mzee akaingia ndani kuhakikisha. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunga tangu alfajiri, na matundu yalikuwa matundu tu, ya kijivu, yametapakaa ukutani. Aliyatazama, akatikisa kichwa.

"Nakuachia mpaka Idi. Watu wakilalamika, yatazibwa yote."

Idi ikakucha na ukungu. Ulikuwa mzito hata tuliutambua msikiti kwa sauti ya takbira kabla hatujauona. Tulijaa nyuma ya pazia, bega kwa bega, mbele ya ukuta usio na uhai. Nilisimama karibu na mama. Ng'ambo ya pazia nilisikia kikohozi cha baba, kile anachokohoa akiwa na hofu.

Sala ikaanza. Katikati ya takbira ukungu ukafunguka ghafla, kama unavyofunguka kwetu, na tundu moja la juu likawaka. Likafuata jingine. Halafu ukuta mzima. Pumzi zetu zilikuwa zikifuka kwa baridi, na mwanga ukasimama ndani ya pumzi hizo kama nguzo, ukagusa bega la huyu, shingo ya yule, vidole vya mama vilivyokunjwa kifuani. Nilisikia takbira za upande wetu zikiyumba. Miezi yote ile nilikuwa nimeitazama picha, nayo haikuniambia kwamba mwanga ule hutembea. Tuliporukuu ulikuwa migongoni. Tuliposujudu ulikuwa umetutangulia sakafuni.

Baada ya hotuba watu walitoka kupeana mikono. Mzee Abubakari alilisogeza pazia kidogo, akautazama ukuta, kisha akampita baba mlangoni.

"Yaache," alimwambia, akaenda zake.

Mama hakuwa ametoka. Baba akaenda kwenye mlango wa wanawake, viatu mkononi.

"Mama Rahma, kuna baridi humo?"

Mama aliendelea kuutazama ukuta.

"Nasali hapa tangu uliponioa," alisema. "Sikujua kama palikuwa na giza."

Baba akaketi kizingitini, akatazama kule alikokuwa akitazama yeye. Watu walikuja kutuita, wakatuona, wakarudi kimyakimya. Pilau tuliikuta imepoa.