Baba Haimbi Amekaa

Baba alikuwa akiimba huku anatembea. Miaka thelathini na mmoja ya kusambaza barua kwa miguu ilimwachia ugonjwa huo: mdomo ukifunguka, miguu nayo inaondoka. Siku niliyomrekodi wimbo aliomtungia mdogo wangu kwa ajili ya harusi, niliweka maikrofoni juu ya meza ya sebuleni, nikamwomba asimame mbele yake. Mstari wa kwanza alisimama. Wa pili ulimkuta dirishani.

"Baba, rudi kwenye maikrofoni."

"Si majaribio haya? Tutarudia."

Hatukurudia. Wiki ya tano baada ya hapo tulimzika.

Harusi haikuahirishwa, baba mwenyewe alishasema, hata iweje, isiahirishwe. Ikabaki siku moja. Kiitikio tulikuwa tumeshakirekodi mimi, mama na shangazi, dada yake baba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Tatizo lilikuwa ubeti wa baba. Mara unamsikia karibu hadi pumzi zake, mara yuko mbali kama anaimbia kwa jirani, na katikati anapotea kabisa. Fundi wa muziki wa ukumbini alitaka wimbo umfikie saa kumi jioni. Alishausikia, akashauri ubeti ule ukatwe, kiitikio kirudiwe mara mbili.

Asubuhi ile mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alinijia nywele zikiwa zimesukwa nusu kichwa.

"Dada, nataka niingie na sauti ya baba. Lakini kama maneno hayasikiki, ubeti ukate. Sitaki watu wamcheke marehemu."

"Nipe mpaka saa kumi."

Kazi yangu ni kutengeneza matangazo ya maduka: sabuni, magodoro, mtu anasema na mimi namwekea muziki chini yake. Kwa hiyo programu ya muziki si ngeni kwangu. Nikaweka kompyuta kwenye meza ile ile ya sebuleni, nikaanza na kifaa kinachosawazisha sauti chenyewe, kinashusha penye kelele na kupandisha penye kimya. Kila neno likawa sawa na mwenzake. Nikamwita mama kutoka jikoni. Akaja na mikono imelowa, akasikiliza.

"Huyu amekaa," akasema.

"Nani amekaa?"

"Huyu anayeimba. Amekaa kwenye kiti, amekunja nne. Baba yenu haimbi amekaa."

Nikakiondoa kile kifaa. Nikafungua otomesheni, sehemu ya kuiambia programu ipandishe wapi na ishushe wapi. Chini ya sauti ya baba ukajitokeza mstari mmoja mrefu. Unapobonyeza juu yake unatia nukta, ukiivuta nukta juu sauti inapanda hapo, ukiivuta chini inashuka. Nilitia nukta arobaini na kitu, neno kwa neno. Nilipopiga wimbo, baba akawa kama bomba linalofunguliwa na kufungwa.

Shangazi alikuwa nyuma yangu na miwani yake, anashona kifungo cha gauni lake. "Hapo mshushe kidogo, anatupigia kelele."

Nikakivuta chini kitelezi cha sauti, kile kitufe cha kwenye kioo kinachopanda na kushuka. Nilipokiachia, kikapanda chenyewe hadi kilipokuwa.

Shangazi akasimama na sindano yake. "Umeona hicho?"

"Kinafuata mstari niliouchora, shangazi."

"Mstari gani! Hiyo ndiyo tabia ya kaka yangu. Ukimshusha, anapanda." Akarudi kukaa, lakini kiti alikisogeza karibu na mlango.

Ilipofika saa nane nikafuta nukta zote. Nilikuwa nimeshika tama. Mama akavua kandambili, akasimama kando ya meza.

"Mwanangu, unamtafuta kwenye kioo hicho, na yeye alikuwa humu ndani. Hebu piga tena."

Sauti ikaanza, mama naye akaanza kutembea. "Hapa yuko kwenye kabati. Umesikia vikombe vinagongana? Ni kisigino chake hicho. Hapa dirishani. Ametulia, anaangalia nani anapita. Sasa anageuka, polepole, kwa sababu ya lile goti."

Hapo ndipo akili ikanijia. Programu ile inaweza kuwekwa kwenye hali ya kuandika: wimbo unapiga, wewe unasogeza kitelezi, nayo inauchora mstari kwa kufuata mkono wako. Sikuwa na haja ya kukisia nukta. Nilihitaji mtu wa kumfuata.

"Rudi mezani, mama. Tuanze mwanzo."

Akatembea, nami nikamfuata kwa kidole. Akienda mbali nampandisha baba, akirudi namshusha, lakini si sana, ili anayesikiliza ajue kuna mtu anatembea. Tukafika pale anapopotea. Siku ile macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta, sikuona baba alikokwenda, nikadhani mama atasimama. Akatoka mlangoni, akashika korido, akaingia jikoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kaja huku huyu! Pandisha! Pandisha mpaka mwisho!"

Nikapandisha mpaka mwisho. Kwenye spika ikasikika saa ya ukutani, kisha pikipiki barabarani, kisha mlio mdogo wa mfuniko wa sufuria. Halafu baba, kinywa kimejaa, akiimba: "Kitinda nenda, mlango huu kwako hauna komeo." Akatafuna. Akameza. Akarudi sebuleni na mstari unaofuata.

Mama akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Kumbe ni yeye! Nyama yangu iliyopotea sufuriani!"

"Wifi," shangazi akasema taratibu, "siku ile si ulinisema mimi?"

"Nilisema labda paka."

"Ulisema paka mwenye miwani!"

Mama akacheka mpaka akashika kabati, na vikombe vikagongana. Nikausimamisha wimbo. Kicheko kile kilikuwa kimetupotea tangu siku ya mazishi, na sikutaka kitu kingine kipige juu yake.

Saa kumi kasoro robo Kitinda akarudi, nywele zimekwisha. Nikampigia ubeti wote. Alipousikia ule mstari wa jikoni, akaomba nirudie, kisha nirudie tena.

"Nilikuwa sijui kama nimo humo," akasema.

"Naweza kupunguza kule kutafuna, ila maneno nayo yataumia. Ukitaka tukate, bado muda upo."

Akajifuta macho kwa kiganja. "Usiguse kitu. Wakicheka wacheke, kwani wao hawali?"

Nikautazama mstari niliouandika. Ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Programu ina amri ya kuunyoosha na kupunguza nukta. Sikuitumia. Nikautuma wimbo kama ulivyo.

Kesho yake Kitinda aliingia ukumbini ameshikana mkono na mama, mimi na shangazi tukiwa nyuma yao. Baba akaanza kuimba, nao wakatembea naye hatua kwa hatua. Akaenda kabatini, akaenda dirishani, akatoka. Mfuniko ulipolia, meza za mbele zikaangua kicheko. Kitinda akasimama katikati ya ukumbi. Shangazi nusura amkanyage gauni.

"Twende, bibi harusi, watu wanangoja!"

Mama akageuka nusu. "Wifi, tulia. Si unasikia bado anakula?"

Basi ukumbi mzima ukamsubiri baba ameze. Alipotoka jikoni, wakaendelea kutembea.