Vidole Vinne

Kamba ilikuwa inateleza tena. Nassoro hakuhitaji kugeuka, mgongo ulimwambia. Yeye mbele, mfupi. Yakubu nyuma, mrefu kama mlingoti. Kati yao magunia mawili ya kahawa yakining'inia kwenye mti mmoja wa kubebea. Kwenye mteremko wa bandari, mzigo humfuata mfupi.

"Ya tano," alisema René, kiongozi mpya, akipiga alama kwenye karatasi.

Wale ambao wangefikisha safari kumi wangepewa jeton, kile kipande cha bati kinachomruhusu mtu kufanya kazi bandarini. Nassoro hakuwa na kitu kingine. Mke alikwishakufa, na kazi nyingine hakuijua.

Asubuhi René alipaka rangi nyekundu katikati ya kila mti. Zamani makapita, wasimamizi wa wakati ule, walifunga mzigo upande walioutaka, ndugu zao wakabeba hewa. "Sasa ni dipanda, ni uhuru," alisema. "Kila mutu nusu yake." Maneno mazuri. Hata Nassoro aliyakubali, mpaka alipoinua.

Mti ule ulikuwa wao, yeye na Camille, mwenzake wa zamani wa kubeba. Mwaka wa hamsini na nane furushi la pamba lilimwangukia Nassoro kiunoni, akalala wiki tatu. Aliporudi alikuta mfuo mpya kwenye mti, umechongwa kwa kisu, vidole vinne kutoka katikati kuelekea upande wa Camille. Camille alifunga kamba hapo, akatema mate, akainua. Walibeba hivyo miaka sita. Kisha Novemba ile ya vita, ndege zilipowashusha askari wa miavuli mjini, Camille alivuka mto kwa mtumbwi kumtafuta dada yake. Hakurudi.

Safari ya saba, Nassoro alianza kuburuta mguu. Walipotua, Yakubu aliinama kama anayekaza kamba.

"Tonton, miye niko na mabega. Nisogeze kidogo?"

"Atakuona."

"Ataona nini? Anapenda karatasi yake kuliko bibi yake."

Nassoro nusura acheke. Halafu akamkumbuka Asha, mke wa Yakubu, aliyejifungua juzi. Kamba ikionekana nje ya rangi, wangefutwa wote wawili. Kidole gumba chake kilikwisha kuupata mfuo. Akakiondoa.

"Acha kwa rangi."

Safari ya nane, katikati ya mteremko, kiuno kilishika moto. Hakuanguka. Alipiga magoti polepole, magunia yakagusa ardhi bila kupasuka, akabaki hapo ameshika mti.

René alishuka. "Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko mufupi."

"Bon. Karatasi haiulizi urefu."

"Ndiyo shida yake."

René alichomeka kalamu nyuma ya sikio. Kisha akaita, "Alfani! Njoo ushike mahali pa papa."

Alfani alikuja, mrefu sawa na Yakubu.

"Mti ni wangu," alisema Nassoro.

Wakaleta mti mwingine. Yakubu alimfungulia kamba bila kumtazama usoni. Alfani na Yakubu wakainua, na mzigo ukatulia palepale kwenye rangi, haukuteleza hata kidogo. René akaandika.

Nassoro alikuwa hajawahi kuubeba ule mti peke yake. Aliweka ncha yake begani, kama siku zote, akaondoka kandokando ya mto. Ncha ya pili ikamfuata nyuma mchangani, ikichora mstari.