Ni Wawili Tu

Ernestine alizima injini ya mashua akatega sikio. Alfajiri ya mwezi wa Mei, kisiwa kile kidogo cha Haida Gwaii, funguvisiwa la pwani ya Kanada, kingepaswa kuwa kinavuma kwa ndege. Hakusikia ila maji.

Kulungu si wenyeji wa kule. Wageni waliwaleta zamani, na kwa kuwa hakuna mbwa mwitu wa kuwapunguza, walizaana wakafyeka kila kichaka. Ndege wanaotaga vichakani wakakosa pa kuficha mayai. Chini ya mierezi pakabaki peupe, na watalii wakapasifu kuwa pamefagiwa.

Ernestine na kaka yake Wendell waliwawinda kulungu wa kisiwa hiki miaka na miaka mpaka wakawamaliza, nyama wakiwagawia wazee. Vichaka vikarudi, na ndege nao. Kabla hajafariki, mama yao aliletwa hapa akaketi kwenye kiti cha kukunja, akasikiliza mpaka machozi yakamtoka.

Sasa matawi yalikuwa yamepukutishwa majani, na matopeni kulikuwa na alama za kwato. Wendell, aliyekuja naye, aliokota tofaa lililoumwa nusu. Hawakuulizana. Walivuka mlangobahari hadi kwa Dale, mwenye nyumba ya wageni na miti ya matofaa.

Dale hakukana kwamba ndiye aliyepeleka kulungu kule. Alisema amewalea kwa chupa, wageni wake wanapenda kuwapiga picha, na kisiwa kilikuwa kitupu.

“Kitupu?” Ernestine aliuliza.

“Ni wawili tu, mama. Dume na jike.”

“Babu zetu nao waliambiwa ni wachache tu.”

Dale akacheka kidogo. “Kwani nyie kulungu hamli?”

“Tunakula,” alijibu Wendell. “Ndiyo maana hatuwapi majina. Wako wanaitwa nani?”

Ernestine alimwambia achukue ndoo ya matofaa wafuatane.

Dale alipoita kutoka ufukweni mwa kisiwa, jike alitoka msituni mbio kama mbuzi aliyesikia pumba. Tumbo lilikuwa limemjaa, ana mimba. Alitia mdomo kwenye ndoo bila kumwogopa mtu yeyote, na hapo ndipo hasira ilipompanda Ernestine. Alikuwa amewinda maisha yake yote, lakini hakuwahi kulazimishwa kumuua mnyama anayemwendea kwa upendo.

“Hili umenifanyia wewe,” alimwambia Dale. “Shika ndoo. Usigeuze uso.”

Mlio wa bunduki yake ulipotulia, alimchuna jike, akamkabidhi Dale paja, akambebesha mpaka kwenye mashua. Dale alikuwa analia. Ernestine hakumbembeleza.

Dume hakuitika. Wendell alimsaka kiangazi kizima, akampata majani yakianza kupukutika, wakati matunda ya msituni yalikuwa yamekwisha kuliwa yote. Baraza la kijiji likampiga Dale marufuku kutia nanga pale.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Ernestine alisikia shomoro mmoja akiimba mbali ndani ya msitu. Alingoja ajibiwe. Jua lilipanda, hakuna aliyemjibu.

Wakikutana dukani, Dale humsalimia. Ernestine huchukua mkate wake akatoka.