Kamba ya Boya

Kesho binti yangu Dorkasi ana mtihani wa kuzamia katika bwawa la Hombolo. Akiwa chini ya maji atalijaza boya hewa, lipande likivuta kamba iliyozungushwa kwenye kigurudumu alichoshika, ili walio juu wajue alipo.

Leo jioni alipiga magoti uani, akanipa boya. "Mama, boya ni wewe. Kimbia."

Nilimwona ameshika kigurudumu kwa vidole viwili tu, nikakifunga mkandani mwake. Kisimani ndivyo tunavyofanya, ndoo isituponyoke. Nikakimbia. Kamba ikanasa kwenye kigurudumu, Dorkasi akaanguka kifudifudi.

"Umeniua, mama," alisema akicheka, mdomo umejaa mchanga. "Ikinasa naachia. Ikinipandisha ghafla, mapafu yanapasuka."

"Ukiachia watakuonaje?"

"Hawatajua nilipo. Ila nitapanda mwenyewe taratibu, nikiwa mzima."

Akakifungua kigurudumu mkandani, akakishika kwa vidole vyake viwili. Nikakimbia tena. Ikanasa, akaachia, kigurudumu kikanifuata kikirukaruka vumbini. Nilipogeuka alikuwa kule nyuma, mikono mitupu, anatabasamu.

Wakati wa sala nilianza kama kawaida: Bwana, mkumbushe ashike. Nikasita. Bwana, mkumbushe aachie. Nayo nikaiacha katikati. Nikasema amina bila kujua nimeomba nini.