Kidirisha cha Mwalimu Laurian

Picha ilifunguliwa nyumbani kwangu, maana hapa Matongo jambo likikosa pa kwenda huja kwangu kunywa chai. Mwalimu Laurian, kijana wa Bukoba aliyepangiwa shule yetu, alituma filamu ikasafishwe Nairobi, ikarudi na dereva wa lori hadi Sirari. Tulijazana mpaka mlangoni.

Ilikuwa picha ya siku walipofika ng'ombe wa mahari ya Gati. Katikati Joel, bwana harusi. Kando yake Gati. Na kando ya Gati, mkono umevutika kama mpira hadi karibu na bega la Joel: Wegesa, mama mzazi wa Gati!

Nikapaliwa na chai. Kwetu Wakurya mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Leo wamo kwenye karatasi moja kama wanakwaya.

"Mwalimu," Wegesa akaita kutoka nje, kwa kuwa Joel alikuwa ndani, "si nilikuuliza kama nimo, ukasema simo?"

"Hukuwemo, mama. Nilichungulia mwenyewe."

"Basi huyo aliyevaa kitenge changu ni nani?"

Mzee Kisyeri, baba mkubwa wa Joel, aliyekuja naye kumchukua Gati, akaweka kikombe chini. "Binti hatumchukui leo, mpaka nijue kama heshima imevunjwa."

Gati, mabegi yameshafungwa, akaanza kulia.

Mwalimu akajieleza huku jasho linamtoka. Lenzi yake ni ya zamani, tena pana mno. Dirisha la kamera yenyewe halionyeshi upana wote, kwa hiyo juu ya kamera unachomeka kidirisha kingine, ndicho unachochungulia ukipiga.

"Kwa hiyo kinachochungulia sicho kinachopiga?" nikauliza.

"Ndiyo, dada Winfrida. Yaani hapana. Vyote vinatazama mbele."

"Kama mume na mke kanisani," akasema jirani yangu Irine. Tukacheka. Mzee Kisyeri hakucheka.

Tukahamia sote kwa Wegesa, kila mtu asimame aliposimama siku ile. Joel mlangoni pa zizi, uso kaugeuza. Wegesa kule kwenye kona ya ghala. Katikati yao hata ng'ombe watatu wangepita bila kugusana. Mwalimu akatoa vidirisha viwili vinavyofanana kama mapacha, kila kimoja na lenzi yake.

Mzee akachungulia cha kwanza. "Hayupo."

Akachungulia cha pili. "Yupo! Tena yuko mbali kuliko alivyo!"

"Nadhani siku ile nilichomeka hicho cha kwanza, cha lenzi nyingine," mwalimu akasema.

"Unadhani?"

"Na mkono?" Wegesa akapaza sauti. "Nani kanirefusha mkono?"

"Lenzi pana huvuta vitu vya pembeni, mama."

"Ikavute vya kwenu!"

Tukapanga foleni kuchungulia. Wengine wakaapa yupo, wengine wakaapa hayupo, na aliyerudia alibadili upande. Mimi nilirudia.

"Na wewe Joel," Irine akadakia, "tangu asubuhi umeshika picha unamkodolea macho mama mkwe wako!"

Joel akaitupa kama kaa la moto. Kumtazama mtu kwenye karatasi ni kumtazama? Kila mmoja akamwangalia mwenzake, na mzee akaangalia ng'ombe.

"Kwa jicho langu Wegesa alisimama mbali," mzee akasema mwishowe. "Hakukosa. Joel naye hakukosa. Lakini mkono karibu na bega nimeuona. Mbuzi wa kusafisha atoke."

"Kwa nani?" tukauliza.

"Kwa mwenye kidirisha."

"Mzee wangu, mimi Mhaya! Hata mke sina, mama mkwe nimtoe wapi?"

Akatoa. Jioni ile Gati akaondoka na Joel, sisi na vigelegele vyetu, mamake akipunga mkono kutoka mbali, ule wa kawaida.

Mwalimu akanisogelea, ubavu wa mbuzi mkononi. "Dada, hivi mimi nimesafisha nini hasa?"

Nikamwambia ale, nyama inapoa. Na mimi nilikuwa natafuta wa kumuuliza.