Tochi ya Kubonyeza

Katika mafundi wote wa lifti wa kampuni ile, hakuna waliopatana kama Bisibisi na Masihara. Si ajabu, maana walikuwa mashemeji. Bisibisi alipewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kupenya pasipopenyeka, na alikuwa amemwoa dada yake Masihara. Masihara ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa kwao, mnene kidogo, mdomo wake haujui likizo. Bisibisi ndiye aliyemtia kazini miaka minne nyuma. Alimfundisha kukaza breki, kupaka grisi na kuisikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Kampuni iliwahi kuwapa taa za kufunga kichwani. Ya Bisibisi ilikufa kwanza, ya Masihara ikafuata. Kila walipouliza, msimamizi wao alijibu, "Zimeagizwa, ziko njiani." Masihara akawa anasema taa hizo lazima zinakuja kwa miguu, tena zinachechemea. Miezi saba wakamulikia simu zao, mpaka simu ya Masihara ilipomponyoka, ikaanguka ghorofa sita na kuwa unga. Hapo wakaona bora kila mtu awe na tochi yake ndogo ya mfukoni.

Jumamosi moja asubuhi wakaenda kwenye kibanda cha mama mmoja aliyeuza vitu vya umeme, watu wakimwita Bibi Waya. Masihara hakufika hata kaunta. Jirani wa Bibi Waya alikuwa muuza viatu mwenye maneno kama yeye, na wawili hao walishaanza kuchambana kuhusu kiatu kimoja kilichokosa mwenzake.

"Nichagulie na mimi, shemeji!" alipaza sauti. "Wewe ndiye mwenye macho ya mkaguzi."

Bibi Waya akaweka sinia la tochi mbele ya Bisibisi. Akauliza swali moja tu.

"Kazi yenu ni ya mkono mmoja au miwili?"

"Miwili, mama. Saa nyingine hata miwili haitoshi."

"Basi hizi usiziguse." Akasukuma pembeni rundo la tochi za plastiki za kuning'iniza kwenye funguo, nyekundu, buluu na kijani, kila moja ndogo kama punje ya tende. "Hizi ni za kubonyeza. Ukibonya zinawaka, ukiachia kidole giza. Ni za kutafutia tundu la ufunguo mlangoni, basi."

Akamwonyesha nyingine, ya chuma, urefu wa kidole cha kati, inayotumia betri moja. Swichi yake ilikuwa mkiani. Ukiibonya mara moja inawaka na kubaki imewaka. Ilikuwa na klipu ya kuibana kwenye ukosi wa shati, ikamulika kule unakotazama. Bisibisi akaipima mkononi, akaiwasha na kuizima, akaibana shatini na kuinama kama yuko kazini. Haikuteleza. Moyo wake ukaridhika papo hapo.

"Nipe mbili."

"Imebaki hiyo moja. Nyingine zinaingia Alhamisi."

Hapo ndipo Bisibisi alipofanya uchaguzi wake, na haukumchukua muda. Ile ya chuma akaitia mfukoni mwake. Kwa shemeji yake akaokota ya kubonyeza, nyekundu. Alijiambia kwamba itamfaa kwa siku chache, na Alhamisi atarudi. Alijiambia pia kwamba Masihara ni mtu wa kupoteza vitu: koleo lilipotea, futi ya kupimia ikapotea, kitu kizuri mkononi mwake hakimalizi wiki. Yote hayo yalikuwa kweli. Bibi Waya alimtazama, kisha akamfungia tochi zake.

Masihara aliipenda tochi yake. Akaitia kwenye funguo zake, akambonyezea muuza viatu usoni na kumwambia sasa ameuona utapeli wake waziwazi.

Alhamisi ilikuja ikapita. Bisibisi alikumbuka akiwa ameshavua viatu nyumbani.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, waliitwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi. Lifti ilikuwa imekwama ghorofa ya nane, haina mtu ndani. Walijua ugonjwa wake tangu zamani: kufuli la mlango wa ghorofa ya nne lilikuwa halishiki vizuri, na lifti haiendi mlango mmoja ukiwa haujafunga. Mmoja alitakiwa apande juu kwenye chumba cha mota, akate umeme na kushika breki ili lifti isisogee. Mwingine aingie kwenye shimo kupitia mlango wa ghorofa ya tano, ashuke kwa ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani mpaka lilipo kufuli. Taa za ndani ya shimo zilikuwa zimekufa, waya wake unaning'inia kando ya ngazi.

Wakiwa bado chini ukumbini, Masihara akafunga mkanda wa usalama kiunoni. Mkanda ule una ndoano ya kushika kipago cha ngazi, na kila unaposhuka vipago vichache unaihamisha. Akazitoa funguo zake, akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena.

"Shemeji, niazime hiyo ya kwako. Hii inataka kidole muda wote, kama mtoto anayenyonya."

"Na mimi kule juu nitaona na nini?" Bisibisi akajibu huku akikusanya spana. "Halafu wewe kitu ukikishika leo, kesho hakipo."

Bawabu wa jengo, aliyekuwa amesimama pale na daftari lake la wageni, akacheka. Masihara naye akacheka.

"Haya, bwana mkubwa. Basi nitakenua, meno yamulike."

Ndilo neno la mwisho Bisibisi alilomsikia akilisema.

Bisibisi akapanda ngazi mpaka juu. Alipofungua chumba cha mota, jua lilimpiga usoni. Chumba kile kilikuwa na dirisha, na dirisha halikuwa na pazia wala kioo cha giza. Sakafu yote ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Alikuwa ameingia humo mara ishirini. Alilijua dirisha lile kama anavyolijua la chumbani kwake. Akakata umeme, akashika breki, na tochi ya chuma ikabaki mfukoni bila kuguswa.

Hakusikia ukelele. Alisikia chuma kikigonga chuma, kisha kishindo. Akaita kupitia tundu la sakafuni zinapopita kamba za lifti, "Masihara! We Masihara!" Shimo likamrudishia sauti yake mwenyewe.

Alishuka ghorofa zote kumi akikimbia. Yeye na bawabu wakaufungua mlango wa chini kwa nguvu. Masihara alikuwa kwenye sakafu ya shimo, mguu mmoja umekunjika visivyo. Alikuwa bado anapumua, lakini macho hayakumtambua mtu. Alikata roho kabla machela haijatoka mlangoni.

Baadaye, watu wa usalama walipopiga picha, kila kitu kilionekana. Ndoano ya mkanda haikuwa imeshika kipago. Ilikuwa imeshika ule waya wa taa mbovu, nao ukakatika. Mtu anayeona hawezi kukosea hivyo. Lakini mkono mmoja ulikuwa kwenye ngazi na mwingine kwenye ndoano, na hakikubaki kidole cha kubonyeza. Funguo zilikuwa kando ya ukuta. Bisibisi akaziokota, akaibonya ile tochi nyekundu. Ikawaka vizuri tu. Haikuwa na kasoro yoyote.

Walimzika kesho yake. Msibani mama mkwe alikaa mkekani, macho makavu, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia maneno yale yale: "Namshukuru Mungu shemeji yake alikuwepo. Mwanangu hakufa peke yake." Kila aliposema hivyo, watu walimgeukia Bisibisi na kumshika mkono. Siku ya tatu alikuwa hawezi tena kukaa mle ndani. Akawa anachota maji, anapanga viti, anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mkewe alidhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi kweli, lakini yalikuwa na mwenzake.

Aliporudi kazini, msimamizi alimwita ofisini na kufunga mlango. Mezani kulikuwa na karatasi moja iliyochapwa.

"Pole sana, ndugu yangu. Ajali haina kinga. Hii ni taarifa yetu tu, kabla mkaguzi wa serikali hajaja. Weka sahihi hapo chini."

Bisibisi akasoma. Iliandikwa kwamba taa za kichwani zilikuwepo stoo, zinafanya kazi, na marehemu aliacha kuchukua ya kwake kwa uzembe, akatumia kifaa binafsi kisichoruhusiwa.

"Taa hazikuwepo, bosi. Wewe mwenyewe ulisema ziko njiani."

"Zimefika."

"Lini?"

"Zimefika," msimamizi akarudia. Akavuta kiti karibu, sauti ikashuka, ikawa ya upole kabisa. "Sikiliza. Mimi sitaki kukuumiza. Bawabu ameniambia mambo. Kwamba marehemu alikuomba tochi ukamnyima. Na chumba cha mota mimi nakijua, kina dirisha kubwa kuliko hili la kwangu. Mimi neno hilo nimelifukia hapa." Akajigusa kifuani. "Weka sahihi, tuzike yote pamoja. Au unataka mkeo alisikie kwa watu?"

Bisibisi aliomba apewe mpaka kesho. Akatoka bila kuaga.

Njiani aliyapindua maneno yale kila upande. Akisaini, Masihara atabaki kwenye makaratasi kama mzembe, na yeye atabaki shemeji mwema aliyekuwepo. Asiposaini, atavuliwa nguo hadharani. Alitafuta njia ya tatu mpaka akafika mlangoni, hakuiona.

Mkewe na mama mkwe, aliyekuwa bado kwao tangu msiba, walikuwa jikoni wanachambua mchele. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mlango uko wazi. Bisibisi hakukaa.

"Mama, nina neno. Na wewe mke wangu, sikia."

Akasema yote, kuanzia kibanda cha Bibi Waya hadi karatasi ya msimamizi. Alisema tochi nzuri ilikuwa moja na ameichukua yeye. Alisema Alhamisi hakurudi. Alipofika pale ukumbini, akataka kuruka.

"Alikuomba," mama mkwe akasema. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya ungo. "Wewe ukamjibuje? Sema maneno yale yale."

"Mama..."

"Yale yale."

Akayasema. Na mimi kule juu nitaona na nini. Kitu ukikishika leo, kesho hakipo. Mkewe akaweka mkono mdomoni.

"Na kule juu kulikuwa na giza?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na dirisha."

Mama mkwe akaendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akalitazama, akalitupa nje. Alipozungumza, hakumwangalia.

"Hivi vitu vidogo ndivyo vinavyoua watu. Mwanangu alikuwa anapoteza vitu, ni kweli. Nilimgombeza tangu mtoto." Akautikisa ungo. "Sahihi yao usiweke. Huyo mkaguzi akija, uyaseme haya. Ya taa zao na ya tochi yako. Yote, usibakize. Mwanangu hataandikwa mzembe. Ukishasema, usikanyage kwangu mpaka nikuite."

"Sawa, mama."

Jioni hiyo hiyo mama mkwe aliondoka kurudi nyumbani kwake, na binti yake akafungasha nguo chache na kumfuata. Bisibisi hakumzuia.

Mkaguzi alipokuja ofisini, Bisibisi alisema yote, kwa saa nzima, huku msimamizi akimtazama kama anayetazama mtu anayejitia kitanzi. Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliandika bila kuinua kichwa. Mwishoni aliuliza, "Una hakika unataka hili la tochi liingie humu? Sheria haikulazimishi." Akajibu kwamba liingie.

Taarifa ilipotoka, marehemu hakuandikwa mzembe. Kampuni ilitakiwa kutoa taa na mikanda mipya kwa mafundi wote, ikatoa. Msimamizi alihamishiwa tawi jingine, kwa cheo kile kile. Bisibisi hakufukuzwa, alinyimwa tu kazi, wiki baada ya wiki, hadi alipoelewa. Akaanza kutengeneza vitasa na makufuli mtaani, kazi ya kukaa ardhini. Watu walimletea kazi, na walipodhani hasikii waliambiana, "Ndiye huyo."

Mkewe alirudi baada ya miezi mitano. Aliingia mchana, akaweka begi, akaosha vyombo alivyovikuta. Hawakuzungumza habari ile siku hiyo wala baadaye. Usiku alilala akiutazama ukuta. Siku nyingine alicheka kwa jambo fulani, kisha akanyamaza ghafla, maana kicheko chake kilifanana mno na cha mdogo wake.

Mwaka ulipokaribia kutimia, alirudi kutoka kumjulia hali mama yake, akasimama mlangoni huku akivua viatu.

"Mama anasema kitasa cha mlango wake kimekufa."

Bisibisi akaacha alichokuwa akifanya. "Amesema niende?"

"Amesema kitasa kimekufa."

Akaenda kesho yake asubuhi na mfuko wake wa vifaa. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani, amegeukia dirisha, mgongo kwake. Akamsalimia, "Shikamoo, mama." Hakuitikiwa. Akapiga magoti mlangoni, akafungua kitasa, akakuta springi imekatika, akatia nyingine, akapaka mafuta. Alifunga na kufungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kimepona, mama," akasema.

Akafuta mafuta vidoleni. Akaanza kurudisha vifaa mfukoni.

"Ufunguo acha mezani," mama mkwe akasema, neno lake la kwanza kwake tangu jioni ile ya mchele.

Akauacha mezani, akatoka, akaufunga mlango polepole nyuma yake.