Aliyemimina Kahawa

Jumapili ile Sixten alipokuja kwa mzee Nordfelt kumwona mchumba, biskuti za aina saba zilikuwa mezani tayari. Kwa watu wa huko, binti wa nyumba ndiye anayemmiminia mposaji kahawa. Ragnhild, binti mwenyewe, alifika na birika hadi mlangoni, akamsukumia Tekla, mtumishi wao, akarudi jikoni. Baba yake na baba wa Sixten walikuwa chumba cha pili wakiunganisha viwanda vyao vya mbao. Walipotoka, vikombe vilikuwa vitupu na Sixten keshapenda.

"Vipi, umemwona?" baba wa Sixten alimwuliza.

"Nimemwona, baba. Hata kesho!"

Ragnhild alikuwa ameshakataa, tena si mara moja. Shida ni kwamba tangu sinema bubu, ile ambayo maneno ya wachezaji husomwa ukutani, ipite mjini majira ya baridi, akisema sauti haitoki. Maneno yake hutokea ukutani, meupe, ndani ya fremu ya maua. Daktari alimwandikia maziwa ya moto. Mzee Nordfelt alikwisha kuzoea: binti akifungua mdomo, hugeuza kiti akaupa ukuta mgongo.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu. Mbili za kwanza Sixten alikuwa safarini kuuza mbao. Ya tatu alikuja, akaketi kando ya mzee Nordfelt, shingo haitulii.

"Baba mkwe, mbona mchumba wangu anakaa nyuma na watumishi?"

"Una wazimu wewe? Mchumba wako si huyu hapa?"

Sixten alimtazama Ragnhild. Ragnhild alimtazama mchungaji, maana ilikuwa ni sasa au basi tena.

"Mwenye pingamizi na aseme kwa sauti," mchungaji alisema.

Sixten alisimama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Kando ya madhabahu pakatokea: SIYE HUYU. Ragnhild naye akasimama. SITAKI, kwa herufi kubwa zaidi. Kule nyuma Tekla alilia kimya kimya. Bibi mmoja aliyesahau miwani aliomba asomewe, akanong'onezewa. "Maskini," alisema, akaendelea kumumunya peremende yake. Mchungaji aliyasoma yote, akatega sikio, akangoja kwa haki kabisa.

"Hakuna pingamizi lililosikika."

Wakaozwa. Siku wazee walipoalikwa nyumbani kwa maharusi, Ragnhild alimimina kahawa mwenyewe. Neno lake lile lile la kanisani likatokea juu ya kabati la vyombo, na la Sixten papo hapo kando yake. Mzee Nordfelt alizisifu biskuti, akageuza kiti.